Mti wa Nasaba kwa Watoto wa Nyumba ya Kiislamu: Mwongozo Kamili wa Kuuchora na Kuutumia

Bibi yangu mzaa mama aliulizwa na kitukuu wake wa miaka sita: "Bibi, umezaa watoto wangapi?" Akanyoosha kiganja cha kushoto, akaanza kukunja kidole kimoja kimoja, kila kidole na jina lake. Alipofika cha nne akakikunja kimya, akaendelea na cha tano. Mtoto hakukubali. "Huyu umemruka." Chumba kizima kikatulia. Bibi akakishika kile kidole kwa mkono wa pili, akataja jina la mvulana aliyeishi siku kumi na moja. Mama yangu alikuwa amekaa ubavuni pake, umri umeshapita hamsini, na ndiyo kwanza anasikia kwamba alikuwa na kaka.

Usiku ule tulianza kuchora mti wa nasaba, na kalamu ya kwanza alishika yule mtoto. Nimeshirikiana na watoto wa ukoo wetu kwa miaka kadhaa sasa katika kazi hii, tumekosea na kurudia, na ninayoyaandika hapa ndiyo ninayotamani ningeambiwa mwanzoni. Sikusudii pambo la ukutani. Nakusudia daftari ambalo mtoto akilifungua anaona nani ana haki juu yake: ya kupigiwa simu, kutembelewa, kuombewa dua, kurithi na kurithiwa.

Kabla ya karatasi: nia na kipimo

Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa mabingwa wa nasaba, na sehemu kubwa ya ubingwa huo waliitumia kutambiana na kutiana aibu. Uislamu haukuitupa elimu hiyo. Uliibadilishia kazi. Aya ya 13 ya Surat Al-Hujurat inataja mataifa na makabila, na sababu inayotolewa ni watu wajuane. Hapo hapo aya inasema aliye mtukufu zaidi ni mchamungu zaidi. Abu Bakr (r.a.) alikuwa mjuzi wa nasaba za Makuraishi kuliko wengi wa zama zake. Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, yaani daftari la dola la kugawa posho, kazi ya kuandika majina kwa koo aliwapa watu watatu wenye elimu hiyo: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Wakaanza na Banu Hashim, ukoo wa Mtume, wakafuatisha Abu Bakr na watu wake, kisha Umar na watu wake. Umar akaikataa orodha. Akataka orodha nzima ifuate ujamaa na Mtume, wa karibu kisha anayemfuatia kwa ukaribu, na yeye wamweke pale Mwenyezi Mungu alipomweka. Nawasimulia watoto kisa hiki kabla ya kuchora mstari wowote, kwa sababu mtu wa kwanza kuagiza nasaba ziandikwe rasmi katika dola ya Kiislamu alikataa kuzitumia kujipandisha.

Kipimo cha kazi kimo katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra: jifunzeni katika nasaba zenu yale mtakayoungia kizazi chenu. Tazama maneno hayo yanavyoweka mpaka. Hatuambiwi tukusanye mababu thelathini. Tunaambiwa tujue kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Kwa mtoto wa leo, kiasi hicho ni vizazi vitatu juu yake, yaani wazazi, mababu na mabibi, na wazazi wa hao, pamoja na watoto wao wote wanaoteremka kutoka hapo. Ukifika hapo umeshawapata binamu wa wazazi wake na watoto wa binamu hao, na katika nyumba nyingi hao ndio watu wanaopishana njiani bila kusalimiana kwa kuwa hawajuani.

Hatua ya kwanza: mtoto awe namba 1

Wengi huanzia juu, kwa babu maarufu, wakateremka. Mimi nashauri kinyume chake. Anzia chini kwa mtoto mwenyewe, umpe namba 1. Baba yake ni namba 2, mama yake namba 3. Kuanzia hapo kuna kanuni moja tu ya kukumbuka: baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, na mama ni hiyo hiyo ukiongeza moja. Baba mzaa baba ni 4, mama mzaa baba ni 5, baba mzaa mama ni 6, mama mzaa mama ni 7. Vizazi vitatu vinaishia namba 15. Mtoto wa miaka minane anaipenda hesabu hii, na ukimuuliza ghafla "namba 13 ni nani?" atakujibu kwa kugawanya: 13 ni mama wa 6, na 6 ni baba wa mama, basi ni bibi wa mama upande wa baba yake.

Namba zina kazi nyingine nzito zaidi. Familia za Kiislamu hurudia majina: Muhammad, Ali, Fatma, Khadija, kila kizazi. Bila namba, baada ya mwezi mmoja hamtajua Ali yupi ndiye aliyeoa mara mbili. Ili watoto waelewe, tulifanya zoezi kwa nasaba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, na ninapendekeza kila nyumba ianzie hapo kabla ya kuingia kwao.

Mwandike Mtume kuwa namba 1. Abdullah ni 2, Abdul Muttalib ni 4, Hashim ni 8, Abd Manaf ni 16, Qusayy ni 32, Kilab ni 64. Upande wa mama: Amina ni 3, Wahb ni 6, Abd Manaf ni 12, Zuhra ni 24, na baba wa Zuhra ni Kilab, namba 48. Mtoto ataona mambo mawili peke yake. Kwanza, kuna Abd Manaf wawili, namba 12 na namba 16, na hawa si mtu mmoja. Pili, Kilab amepata namba mbili, 48 na 64, kwa sababu kwake ndipo nasaba ya baba na ya mama zinapokutana. Kwenu pia huenda mkakutana na mtu wa aina hiyo, hasa wazazi wakiwa wameoana jamaa kwa jamaa. Msishtuke wala msifute. Mwandikeni mara mbili na muunganishe kwa mstari.

Kuna la tatu, ambalo huwezi kuliona kwenye karatasi mpaka uambiwe. Jina la Abdul Muttalib lilikuwa Shaiba. La Hashim lilikuwa Amr. La Abd Manaf bin Qusayy lilikuwa al-Mughira. La Qusayy lilikuwa Zaid. Watu wanne mfululizo, wote wamejulikana kwa majina ya kupewa baadaye. Basi kila unapotajiwa jina la mzee aliyetangulia, uliza pia: "Hilo ndilo alilopewa na wazazi wake, au ndilo alilozoewa?" Andika yote mawili. Nasi tulihangaika miezi tukitafuta ndugu wawili ambao mwisho wake tuligundua ni mtu mmoja.

Hatua ya pili: kaeni na wazee

Hii ndiyo hatua isiyoahirishika, kwa hiyo iwahi hata kama hamjanunua daftari. Anza na mzee mwenye umri mkubwa au afya dhaifu zaidi, si yule mnayemzoea. Mpeleke mtoto, na mtoto ndiye aulize. Mtu mzima akiuliza mambo ya ukoo, wazee hujiuliza kuna nini nyuma yake: shamba, nyumba, ugomvi. Mtoto akiuliza, hupewa jibu.

Usiulize orodha. "Nitajie ndugu zako wote" humfanya mzee aone yuko kwenye mtihani, na atawataja wale aliowazoea. Uliza kwa picha za maisha. Ulipokuwa mdogo mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja? Nani alikufundisha Fatiha? Siku yako ya ndoa, nani alisimama kuwa walii wako, akakuozesha? Nani aliyekuosha wewe na wadogo zako mama alipokuwa mgonjwa? Baba alipofariki, nani aliingia kaburini? Kila jibu la maswali haya lina jina ndani yake, na jina hilo lina ndugu. Swali la walii ni hazina peke yake, maana linaonyesha nani alikuwa mwanamume wa karibu zaidi aliye hai siku ile.

Kisha uliza swali la vidole, hata kama unadhani unajua: "Jumla mlizaliwa wangapi, waliokua na wasiokua?" Waliokufa wachanga wana nafasi yao. Mtume (s.a.w.) aliitwa Abul Qasim, na Qasim alikuwa mtoto wake aliyekufa mdogo. Jina la mtoto huyo lilibaki juu ya baba yake maisha yake yote. Wanawe wa kiume wote watatu, Qasim, Abdullah na Ibrahim, walifariki wakiwa wadogo, na hakuna anayeandika watoto wa Mtume akawaacha. Andikeni wa kwenu.

Mzee akichoka, nyamazeni. Akilia, msimwombe aendelee. Rekodini sauti kwa simu ikiwa ameridhia, na jioni ile ile mwandike, kwa sababu sauti peke yake haichoreki. Pembeni ya kila taarifa andikeni aliyeisema na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili kila moja na mwenyewe. Kazi ya mtoto si kumwambia bibi yake kwamba amekosea.

Hatua ya tatu: upande wa kike usikatike

Nimeona shajara nyingi, yaani miti ya nasaba, zilizoandikwa kwa hati nzuri, zimefika vizazi kumi na tano, na ndani yake hamna mwanamke hata mmoja. Kila mwanamume pale anaonekana kama amezaliwa na baba peke yake. Mtu akihoji, hujibiwa kwamba nasaba ni ya baba. Ni kweli jina hufuata baba. Lakini udugu unatoka pande zote mbili, na aya ya kwanza ya Surat An-Nisaa inapoamrisha kuchunga matumbo ya uzazi, neno lenyewe, arham, ni tumbo la mama.

Rudini kwenye ule mti wa Mtume, mtazame namba 9. Ni mke wa Hashim, mama wa Abdul Muttalib: Salma binti Amr, wa Banu Najjar wa Yathrib, yaani Madina. Hashim alikufa safarini, na mtoto akalelewa huko kwa mama yake mpaka ami yake al-Muttalib alipokwenda kumchukua. Watu wa Makka walipomwona nyuma yake juu ya mnyama walidhani ni mtumwa wake, wakamwita Abdul Muttalib, mtumwa wa Muttalib. Mwaka 622 Mtume alihamia mji ule ule. Watu wakashindania nani ampokee. Katika riwaya ya Muslim, alisema atashukia kwa Banu Najjar, wajomba wa Abdul Muttalib, awakirimu kwa hilo. Yaani mlango aliouingilia Madina ni wa mama wa babu yake. Shajara ya wanaume watupu isingekuwa na namba 9, wala isingemjua.

Kwa hiyo andikeni kila mwanamke kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake. "Mke wa fulani" si jina. Kama hakuna anayelijua jina la bibi wa bibi, acheni kisanduku wazi chenye namba, maana kisanduku kitupu humchokoza mtu kuuliza, lakini kisichokuwepo hakiulizwi.

Hatua ya nne: mstari wa maziwa

Hapa mti wa Kiislamu unaachana na miti mingine yote, na hapa ndipo unapoweza kuokoa ndoa.

Kunyonya huharimisha ndoa kama inavyoiharimisha nasaba. Mtume alipotajiwa kumwoa binti wa Hamza alikataa, akasema huyo ni binti wa ndugu yake wa kunyonya, kwa kuwa yeye na Hamza, ami yake, walinyonyeshwa na mwanamke mmoja, Thuwayba. Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Uqba bin al-Harith, kilichomo kwa Bukhari. Alikuwa ameshaoa. Akaja mwanamke akasema: mimi niliwanyonyesha wewe na huyo uliyemwoa. Uqba akamjibu kwamba hakujua kama alimnyonyesha, "wala hukuniambia." Akapanda mnyama wake kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume, na jibu likawa: vipi tena, na limeshasemwa? Wakaachana.

Wala hukuniambia. Maneno haya yasisikike tena nyumbani kwenu. Waulize kina mama wote wa ukoo, mmoja mmoja na faraghani: uliwahi kumnyonyesha mtoto asiye wako? Uliwahi kumwachia mwenzako mtoto wako akamnyonyesha? Andika mnyonyeshaji, mtoto, umri wa mtoto wakati ule, na ilikuwa mara ngapi kwa kadiri anavyokumbuka. Idadi na umri vina uzito: kwa madhehebu ya Shafii ni mara tano, kwa Hanafi na Maliki hata kidogo hutosha, na asili ya muda ni ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Nyinyi msitoe hukumu. Andikeni kilichotokea, hukumu mwulizeni mwanazuoni.

Katika mchoro tumieni mstari wa nukta nukta, rangi moja isiyotumika kwingine. Uteremke kutoka kwa mnyonyeshaji hadi kwa mtoto aliyenyonya peke yake, kisha kwa watoto wake atakapowapata. Ndugu zake wengine ambao hawakunyonya hawaingii, na hapa watu hukosea sana: wanaharimisha nyumba nzima, au hawaharimishi mtu. Mnyonyeshaji akipata namba kwenye mti, apewe na heshima yake; mtoto amjue kuwa ni mama.

Hatua ya tano: matawi yenye uchungu

Kila ukoo unayo. Yaamueni watu wazima kwanza, kabla ya mtoto kukaa na kalamu.

Talaka. Mke aliyeachwa habanduliwi kwenye mti wa watoto wake. Mchoreni kwa mstari uliokatwa, watoto wabaki chini yake. Ndugu wa baba mmoja na ndugu wa mama mmoja waonekane wazi, maana katika mirathi ni mafungu mbalimbali.

Mtoto wa kulelewa. Zaid bin Haritha aliitwa Zaid bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab, inayoamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Tangu hapo akarudi kuwa bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua kwa hilo. Mtoto mnayemlea aandikwe kwa wazazi wake anaojulikana nao, na mstari wa malezi uchorwe kutoka kwenu, mnene na mzuri, wala usichorwe kama unaoonewa haya. Kama baba hajulikani, aya hiyo hiyo imeshasema: ni ndugu zenu katika dini. Aliyezaliwa nje ya ndoa huandikwa kwa mama yake. Msiandike uvumi wa nani baba, hata kwa penseli, hata kwa herufi moja. Sitara ya Muislamu ni wajibu, na daftari lenu litasomwa na watu ambao hawajazaliwa bado.

Wazazi wasio Waislamu. Aliyesilimu asikate mti wake pale alipotamka shahada. Ikrima alibaki bin Abi Jahl, na Abu Jahl ni yule yule adui wa Mtume. Khalid alibaki bin al-Walid. Asma binti Abi Bakr alipojiwa na mama yake mshirikina akitaka kuunganishwa, Mtume alimwambia amuunge mama yake. Watoto wa aliyesilimu wana babu na bibi upande huo, na wana haki ya kuwajua kwa majina na kuwatendea wema.

Waliogombana. Waandikeni wote, wala sababu ya ugomvi isiandikwe. Kwa Bukhari imo kwamba muunga kizazi wa kweli ni yule ambaye akikatwa yeye huunga.

Na jambo moja la kukataza kabisa: kujipachika. Msiunganishe mti wenu na sharifu, mfalme wala shujaa kwa kuwa majina yanafanana. Kujinasibisha kwa asiye baba yako huku ukijua ni dhambi kubwa kwa hadithi sahihi, na katika Sahih Muslim imo kwamba aliyecheleweshwa na amali zake hatakimbizwa na nasaba yake. Mti wenye mababu watatu wa kweli ni bora.

Hatua ya sita: tarehe, na hasa ya kufa

Watu huhangaikia tarehe za kuzaliwa. Kwa sheria yetu, tarehe ya kufa ina uzito zaidi, kwa kuwa anayerithi ni aliyekuwa hai wakati mtu anakufa. Babu akifa na mirathi ikalala miaka ishirini, katikati wakafa wanawe wawili, atakayekuja kugawa lazima ajue nani alimtangulia nani, kwa sababu fungu la kila mwana linapita kwa warithi wake yeye. Bila mfuatano huo, hata kadhi hodari hana pa kuanzia. Basi kwa kila marehemu andikeni mwaka, na ikikosekana andikeni "kabla ya fulani" au "baada ya fulani." Hiyo tayari ni msaada mkubwa.

Mti huonyesha pia jambo ambalo babu aliye hai anapaswa kuliona mapema. Mwanawe akimtangulia kufa, akaacha watoto, na babu ana wana wengine wa kiume walio hai, wajukuu wale mayatima hawarithi. Anaweza kuwausia hadi theluthi ya mali yake, na mchoro ukiwa mezani mbele yake anawaona kwa macho.

Kuhusu miaka: mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kama siku 11 pungufu ya ule wa Miladia. Mzee anayehesabu miaka 66 ya Hijria ana kama 64 ya Miladia. Andikeni kalenda pembeni ya kila mwaka. Mzee akisema "nilizaliwa Ramadhani, siku za baridi," msilidharau, maana Ramadhani hurudi msimu ule ule kila baada ya kama miaka 33, na kwa mtu mmoja unabaki na makisio mawili au matatu tu ya kuchagua.

Hatua ya saba: utumieni

Mti uliokunjwa kabatini haujaunga mtu. Kwa wa miaka minne hadi sita, inatosha kila usiku kuchagua jina moja la marehemu na kumwombea kwa jina. Mtoto wangu mdogo alimwombea yule wa siku kumi na moja kwa wiki nzima, kwa kuwa alimwona ni mdogo kama yeye. Wa saba hadi kumi wafanye hesabu za namba na kuandika kwa mkono wao, hata hati ikiwa mbaya.

Kuanzia miaka kumi hivi, wape zoezi la maharimu. Soma nao aya ya 23 ya Surat An-Nisaa, kisha mvulana apake rangi kila mwanamke asiyemhalalikia milele, na msichana afanye hivyo kwa wanaume. Wataona wenyewe kwamba shangazi yumo na binti wa shangazi hayumo, na kwamba mama wa kunyonya yumo hata kama hana damu moja nao. Nimeona binti wa miaka kumi na mbili akielewa kwa nusu saa mambo ya hijabu na safari ambayo maelezo ya mdomo yalimchanganya kwa mwaka.

Halafu simu. Kila Ijumaa mtoto achague kisanduku kimoja cha mtu aliye hai ambaye hajaongea naye, ampigie, ajitambulishe kwa njia ya mti: "Mimi ni mwana wa fulani, bibi yako na babu yangu ni ndugu." Weka alama ndogo kwenye kisanduku. Katika marafiki wa marehemu vilevile mna haki: Mtume alikuwa akichinja huwapelekea nyama marafiki wa Khadija miaka baada ya kufa kwake. Tengeni ukurasa wa marafiki wa babu na bibi.

Hatua ya nane: pa kuuweka

Nakala moja ya karatasi nyumbani, nyingine kwa ndugu anayeishi mbali, na picha yake kwenye simu za watu wawili. Rangi ya wino iwe nyeusi. Penseli kwa yasiyothibitika. Msiuweke mti mzima mtandaoni ukiwa na majina ya walio hai, tarehe zao za kuzaliwa na majina ya mama zao, kwani hayo ndiyo maswali ambayo watu hutumia kufungulia akaunti za wengine. Ukurasa wa maziwa na ule wa mirathi vikae kwa watu wazima wawili waaminifu.

Na mtoto mpya akizaliwa, msimwandike ninyi. Siku ya saba, anapopewa jina, mpeni kalamu kaka au dada yake mkubwa. Wa kwetu alikuwa na miaka saba. Aliandika jina la mdogo wake, akarudi nyuma akatazama, akauliza kama amchoree na mstari wa yule wa kidole cha nne, ili wajue wao ni jamaa.